Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake ambao hatuwataji



Kila mwaka tarehe 3 Juni Kanisa linaadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Hapa Nakwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, jina la Karoli Lwanga si geni. Watoto wanabatizwa kwa jina hilo, jumuiya ndogo ndogo na kwaya zinawekwa chini ya ulinzi wake, na Seminari Kuu ya Segerea jijini Dar es Salaam, ambako baadhi yetu tutakwenda kusoma teolojia Mungu akipenda, ina jina lake. Ni mtakatifu wa nyumbani kabisa, na kwa sababu hiyo tunadhani tunamjua.

Lakini tunapomsimulia huwa tunahesabu mpaka 22 na kuishia hapo. Hao 22 ni Wakatoliki. Katika mateso yale yale, chini ya mfalme yule yule, waliuawa pia Waanglikana 23 ambao majina yao yanajulikana. Baadhi yao walifungwa pamoja na wenzake Lwanga, wakatembezwa njia moja na kuchomwa katika moto mmoja. Hawamo katika litania zetu, na wengi wetu tuliosoma seminari ndogo hatukuweza kutaja hata jina moja la mashahidi hao.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya Karoli Lwanga bila kuwaacha nje hao wengine. Sababu ya kwanza ni kwamba historia yenyewe inadai hivyo. Ya pili iko karibu na sisi. Katika mitaa yetu ya Babati, nyumba moja baba anaweza kuwa Mkatoliki na mama Mlutheri, na jirani wa ukuta mmoja akawa Mpentekoste. Msiba ukitokea, turubai ni moja na sufuria ni moja. Ikifika saa ya sala ndipo watu wanapoanza kuangaliana. Tunaamini Karoli Lwanga ana neno la kutuambia kuhusu saa hiyo.

Kijana kutoka Buddu

Karoli Lwanga alizaliwa mnamo mwaka 1860 katika ufalme wa Buganda. Alikuwa wa ukoo wa Ngabi, na alilelewa Buddu, eneo lililo magharibi mwa Ziwa Victoria, si mbali na Kagera yetu ya leo. Alikuwa kijana mwenye nguvu na hodari katika mieleka, mtu ambaye vijana wenzake walimfuata kwa hiari.

Alipokuwa anakua, Buganda ilikuwa inabadilika haraka. Waislamu kutoka pwani walikuwa wamekwishafika na dini yao, na katika miaka ya 1870 Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu wengi waliokataa kuitii amri yake iliyopingana na imani yao. Waliuawa Namugongo. Tunalitaja hili ili ijulikane kwamba mahali hapo palikuwa pa machozi hata kabla ya Wakristo kufikishwa pale.

Mwaka 1877 walifika wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS, na baadaye akaja Alexander Mackay, fundi na mhandisi kutoka Uskoti. Mwezi Februari 1879 walifika Wamisionari wa Afrika, tunaowafahamu kama White Fathers. Wa kwanza kukanyaga Buganda walikuwa Padre Simeon Lourdel, ambaye wenyeji walimwita Mapera, na Bruda Amans. Walikuja kwa njia ya Tanganyika, wakavuka ziwa kutoka upande wa kusini. Katika miaka hiyo ya mwanzo mafundisho mengi yalitolewa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo wageni na watu wa ikulu waliweza kukutana nayo.

Tuseme ukweli: makundi haya mawili hayakupatana. Mackay na Lourdel walibishana mbele ya Kabaka mwenyewe, kila mmoja akionyesha kwamba mwenzake anafundisha makosa. Kabaka na wazee wa baraza lake walisikiliza mabishano hayo kwa mshangao, kwa maana wageni wote wawili walisema wanamhubiri Kristo. Waganda waliwatofautisha kwa nchi zao. Waliofundishwa na Lourdel waliitwa Wafaransa, na waliofundishwa na Mackay waliitwa Waingereza. Injili ilipandwa ikiwa tayari imepasuka vipande viwili, na ufa huo haukuchimbwa na Waganda.

Walei waliobaki bila padre

Mwezi Novemba 1882 White Fathers waliondoka Buganda kwa sababu za usalama. Walirudi kusini mwa ziwa, wakaweka makao Bukumbi, katika Mwanza ya leo. Hawakurejea Buganda hadi Julai 1885. Kwa muda unaokaribia miaka mitatu, Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre, wala Misa, wala maungamo.

Hapa ndipo tunapaswa kusimama kidogo, hasa sisi mafrateri. Kwa hesabu za kibinadamu Kanisa hilo changa lingekufa, lakini lilikua. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa nyumba ya Kabaka, aliwakusanya vijana wa ikulu na kuwafundisha sala. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliigeuza nyumba yake kuwa darasa la katekisimu. Huko Mityana, Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu waliongoza jumuiya ya waamini. Matia alikuwa amewahi kuwa Mwislamu, kisha akahudhuria mafundisho ya Waprotestanti, na hatimaye akawa Mkatoliki. Walikuwa walei wote, wengine wana wake na watoto, wengine watumishi wa serikali ya Kabaka.

Lwanga alilelewa kiimani katika Kanisa la namna hiyo. Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 20, akakalia kiti cha enzi. Lwanga akaingia katika utumishi wa ikulu na kuwekwa kuwasimamia vijana wanaohudumu katika baraza kuu, chini ya Yosefu Mukasa. Bado alikuwa mkatekumeni. Aliyemwongoza alikuwa mlei mwenzake.

Upande wa Waanglikana mambo yalifanana. Wao pia walikuwa na wasomaji wao ndani ya ikulu, vijana waliojifunza herufi na Injili kwa wakati mmoja. Na wao ndio waliotangulia kumwaga damu. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wanafunzi wa Mackay, yaani Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa Busega. Mkatoliki wa kwanza aliuawa miezi tisa na nusu baadaye.

Mkatoliki aliyemtetea askofu wa Kianglikana

Kifo hicho cha Mkatoliki wa kwanza ndicho kiini cha makala yetu, na tunashangaa kwa nini hakisimuliwi zaidi mahubirini.

Mwezi Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alikuwa anaikaribia Buganda akitokea mashariki, kupitia Busoga. Watu wa ikulu waliogopa kila mgeni aliyetokea upande huo, kwa kuwa iliaminika kwamba watakaoiteka Buganda watatokea huko. Mwanga aliamuru auawe, na tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Yosefu Mukasa Balikuddembe alikwenda kwa Kabaka na kumkemea kwa mauaji hayo. Alimwonyesha kwamba hata baba yake Mutesa hakuwahi kumuua mmisionari. Ni lazima tulitafakari jambo hili. Hannington hakuwa askofu wa Yosefu. Alikuwa kiongozi wa upande ambao mapadre waliomfundisha Yosefu walikuwa wanabishana nao. Angeweza kunyamaza na kubaki na cheo chake, na hakuna Mkatoliki ambaye angemlaumu. Alichagua kusema.

Tayari Kabaka alikuwa na kinyongo naye, kwa sababu Yosefu alikuwa anawaficha vijana wa ikulu ili Mwanga asiwatumie kwa tamaa za mwili. Sasa kinyongo hicho kilipata nafasi yake. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto. Kabla ya kufa alimwachia Kabaka ujumbe kwamba amemsamehe, lakini atubu.

Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alikwenda misioni pamoja na vijana wengine, akaomba ubatizo na kubatizwa. Maji ya ubatizo yalimkuta akijua kabisa gharama yake, maana aliyemfundisha alikuwa ametoka kuuawa. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyechukua nafasi ya Yosefu kama kiongozi wa vijana Wakatoliki wa ikulu. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi, umri wa wengi wetu katika darasa la falsafa.

Usiku wa Munyonyo

Kwa miezi sita Lwanga aliwalinda vijana aliokabidhiwa. Aliwafundisha, akasali nao, na kila alipoweza aliwaweka mbali na macho ya Kabaka. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na miaka 14 hivi. Kazi hiyo ya ulinzi wa watoto, ambayo leo Kanisa linaizungumzia sana, Lwanga aliifanya mbele ya mtu aliyekuwa na mamlaka ya kumuua wakati wowote.

Mapema mwaka 1886 ikulu iliungua moto, na Kabaka akahamia Munyonyo, kando ya ziwa. Tarehe 25 Mei alirudi kutoka kuwinda akiwa hajapata kitu, akawaita watumishi wake na kukuta wengi hawapo. Aligundua kwamba Denis Ssebuggwawo, kijana Mkatoliki, alikuwa anamfundisha dini mtoto wa Katikiro. Akamchoma mkuki, na malango ya ikulu yakafungwa.

Usiku ule Lwanga alijua kwamba kesho yake hukumu itatolewa. Baadhi ya vijana walikuwa bado wakatekumeni na hapakuwa na namna ya kumfikia padre. Lwanga akachukua maji na kuwabatiza, Kizito akiwa mmoja wao. Tunafundishwa kwamba katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi ana nia ya kufanya lile analofanya Kanisa. Katekista anaisema kanuni hiyo kwa sentensi moja kisha anaendelea na somo. Lwanga aliitumia gizani, huku walinzi wakiwa nje.

Asubuhi ya tarehe 26 Mei Kabaka aliwaamuru wote wanaosali watengwe na wasiosali. Hakuuliza nani anasali kwa Mapera na nani anasali kwa Mackay. Lwanga akajitenga pamoja na vijana wake, na vijana Waanglikana wakajitenga vilevile. Kwa amri moja ya mtu aliyewachukia wote, makundi mawili ambayo walimu wao hawakuweza kukaa pamoja yalijikuta upande mmoja wa ua.

Moto wa Namugongo

Wakafungwa kamba na kupelekwa Namugongo. Padre Lourdel aliyekuja kuomba wasamehewe aliwaona wakipita, na hakuweza kuwasaidia. Baadhi waliuawa njiani. Andrea Kaggwa aliuawa siku ile ile ya tarehe 26 Mei, na Matia Mulumba akaachwa afe polepole kwa majeraha ya mikono na miguu iliyokatwa. Waliofika Namugongo waliwekwa kifungoni kwa takriban juma moja, wakati kuni zinakusanywa. Kati ya wafungwa hao Waanglikana walikuwamo Nuwa Walukagga, mhunzi wa Kabaka, na Robert Munyagabyanja. Tunaomba wasomaji wayashike majina hayo mawili.

Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Walipokuwa wanaondolewa, Senkoole, mlinzi wa moto wa ibada za jadi, alimtenga Karoli Lwanga ili amchome peke yake. Akawashwa moto kuanzia miguuni, polepole. Mapokeo yanasimulia kwamba alimwambia Senkoole kuwa moto ule kwake ni kama maji anayomwagiwa, akamsihi naye awe Mkristo, na kwamba neno lake la mwisho lilikuwa kumwita Mungu kwa Kiganda.

Wengine waliviringishwa katika mikeka ya matete na kulazwa juu ya tanuru moja la kuni. Mbaga Tuzinde, aliyelelewa kama mtoto katika nyumba ya Mukajanga mkuu wa wauaji, alipigwa shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai. Luka Banabakintu, Kizito, Nuwa Walukagga, Robert Munyagabyanja na wenzao wakachomwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana. Moto ulipozima, majivu ya Mkatoliki hayakuweza kutenganishwa na majivu ya Mwanglikana. Vijana watatu Wakatoliki, Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe, waliondolewa dakika za mwisho bila kuuawa. Hao ndio waliokuja kutoa ushuhuda wa yaliyotokea, na kwa ajili yao tunaweza kuyaandika haya.

Miaka sita baadaye

Tungependa kusema kwamba baada ya hapo Wakristo wa Buganda waliishi kama ndugu. Kwa muda ilikuwa hivyo. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, na muda mfupi baadaye Wakristo wa pande zote mbili wakafukuzwa Buganda. Walikimbilia upande wa Ankole, wakaishi uhamishoni pamoja na kupigana pamoja hadi walipoirudisha nchi. Mwanga mwenyewe alikimbilia kusini mwa ziwa, na waliompokea ni mapadre wa Bukumbi, mapadre wale wale ambao watoto wao wa kiroho alikuwa amewachoma moto. Ndivyo ardhi yetu ya Mwanza ilivyompa hifadhi mtesi wa mashahidi.

Lakini baada ya kurudi Buganda ugomvi ulifufuka, safari hii ukiwa wa vyeo na ardhi. Mwezi Januari 1892 Wafaransa na Waingereza, yaani Waganda Wakatoliki na Waganda Waprotestanti, walipigana vita Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim, na Wakatoliki wengi wakasukumwa kwenda Buddu, nchi aliyokulia Lwanga. Ilikuwa haijatimia miaka sita tangu moto wa Namugongo. Wapo waliopigana siku hiyo ambao bila shaka walikuwa na ndugu na marafiki katika majivu yale.

Tunayasema haya kwa sababu ushahidi haufanyi kazi wenyewe. Unahitaji watu wanaoukumbuka wote. Kila upande ulipoanza kuwakumbuka wafu wake peke yao, damu ileile iliyowaunganisha ikageuka kuwa hoja ya kudai haki dhidi ya mwenzake.

Watu wakusanyikao

Papa Benedikto XV aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake 21 kuwa wenyeheri mwaka 1920. Mwaka 1934 Papa Pius XI alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana Wakristo wa Afrika. Tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, Papa Paulo VI aliwatangaza wote 22 kuwa watakatifu. Katika mahubiri ya siku hiyo aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Majuma matano baadaye Mtaguso ulitoa hati ya Unitatis Redintegratio juu ya kurudisha umoja wa Wakristo.

Mwaka 1969 Paulo VI alifika Uganda, Papa wa kwanza katika nyakati zetu kukanyaga Afrika, na pale Namugongo alikwenda pia kusali kwenye mahali patakatifu pa Waanglikana. Yohane Paulo II alifanya hivyo mwaka 1993. Papa Fransisko, mwezi Novemba 2015, alianza kwa Waanglikana kabla ya kuadhimisha Misa upande wa Wakatoliki.

Kuna pande mbili kweli. Basilika la Wakatoliki, lililotabarukiwa mwaka 1975 na lenye umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, limejengwa mahali Lwanga alipochomwa peke yake. Kanisa la Waanglikana liko umbali mfupi, mahali ambapo kwa mapokeo wengine walichomwa pamoja. Kwa hiyo Mkatoliki anayetaka kufuata nyayo za Kizito mpaka mwisho lazima aende kwa Waanglikana.

Kila tarehe 3 Juni walei wa Afrika Mashariki wanafurika hapo kwa maelfu mengi: Waganda, Wakenya, Warwanda, Wakongo, na Watanzania wanaosafiri kwa mabasi kutoka majimbo yetu. Wengi hutembea kwa miguu siku nyingi. Barabarani hakuna anayeuliza dhehebu, watu wanagawana maji na kivuli. Wakifika Namugongo wanagawanyika, hawa kwenye Misa yao na wale kwenye ibada yao. Ni mkusanyiko mmoja barabarani na miwili altareni.

Huko Ujerumani, nchi ambamo mgawanyiko huu ulianzia, walei Waprotestanti na Wakatoliki waliandaa kwa pamoja mkutano mkuu wa kiekumene mjini Berlin mwaka 2003, wakakusanyika watu wapatao laki mbili kwa sala, midahalo na nyimbo. Ilichukua karibu miaka 500 tangu Luther hadi kufikia hapo. Sisi Afrika Mashariki tulipewa mkusanyiko wetu mapema, ndani ya miaka tisa tu tangu mmisionari wa kwanza kufika Buganda. Tuliupata kwa moto.

Mashahidi wawili

Katika Kiswahili neno shahidi lina kazi mbili. Ni yule aliyekufa kwa ajili ya imani, na ni yule anayesimama mbele ya hakimu kueleza alichokiona. Tunaosoma falsafa tunapenda kuuliza ni nini kinaupa ushahidi uzito. Tuchukue mfano wa Mahakama ya Mwanzo. Wakija ndugu wawili wa nyumba moja wakasema jambo moja, hakimu anaweza kudhani wamepangana. Wakija majirani wawili ambao kila msimu wanagombania mpaka wa shamba, kisha wote wakasema neno lile lile, hakimu anainua kichwa na kusikiliza.

Hivyo ndivyo tunavyouelewa ushahidi wa Namugongo. Wakatoliki na Waanglikana wa Buganda walikuwa majirani wenye ugomvi wa mpaka. Hawakupangana. Walipoulizwa kwa moto, wote walimtaja Kristo mmoja. Tukiwaondoa Waanglikana katika simulizi, hatumwongezei Karoli Lwanga heshima. Tunamnyang'anya shahidi mwenzake.

Wapo waamini wanaoogopa kwamba kusema hivi ni kusema madhehebu yote ni sawa. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lwanga alikuwa Mkatoliki mzima, hakuipunguza imani yake kwa kumpendeza mtu, na sisi hatujaruhusiwa kujifanya kwamba tofauti zimekwisha. Hatushiriki Ekaristi moja, na hilo ni jeraha ambalo hatuna mamlaka ya kulifunika kwa kitambaa. Lakini Kanisa hilo hilo linatufundisha kusali pamoja na ndugu zetu, na Yohane Paulo II katika waraka wa Ut Unum Sint wa mwaka 1995 alifundisha kwamba katika mashahidi wa jumuiya zote za Kikristo umoja umekwisha kukamilika. Umoja tunaouombea kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, wao wanao tayari.

Tunapendekeza mambo matatu madogo kwa vigango na jumuiya zetu. Kwanza, tarehe 3 Juni katika maombi ya waamini tuwataje pia mashahidi Waanglikana, angalau Nuwa Walukagga na Robert Munyagabyanja. Pili, jioni ya siku hiyo tuwaalike majirani Walutheri, Waanglikana na wengine katika sala ya pamoja: somo la Injili, Baba Yetu na chai. Tatu, kazi hiyo waiongoze walei wenyewe, WAWATA, UWAKA na VIWAWA, kwa kuwa waliokufa Namugongo walikuwa walei, na waliolilinda Kanisa katika miaka ile bila padre walikuwa walei. Sisi mafrateri tubebe viti.

Na msibani, ile saa ya sala ikifika na watu wakaanza kuangaliana, mmoja wetu aanzishe Baba Yetu. Wanaijua wote.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako wote, mtuombee.